Msikilizaji wa Difu

Metoděj Hruška alikuwa fundi wa difu, yaani zile gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, katika kiwanda cha magari ya kifahari huko Moravia, na kwa mwaka mzima alificha jambo moja: masikio yake yalikuwa yamekufa. Miaka kumi na minane ya kelele za nyundo, jamani, masikio gani yangestahimili? Tabu ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Ikijulikana tu, kazi imeota mbawa, na mwaka ule wa 1935 wanaume wazima walishinda getini wakiomba hata kufagia.

Magari yale hayakuwa na fremu ya kawaida. Bomba moja nene lilipita katikati kama uti wa mgongo, shafti ikizunguka ndani yake, na nyuma kila gurudumu lilipanda na kushuka kivyake. Kabla ya kuvishwa bodi, chesisi ilijaribiwa barabarani ikiwa tupu, dereva amekalia kasha la mbao, Metoděj nyuma yake, juu ya difu. Ikilia, inarudishwa. Kwa kuwa hakusikia, alishika kijiti cha mti, ncha moja akaigusisha difu, nyingine akaing'ata. Meno yake yakamweleza yote.

Karakana haikuwa na habari naye. Majira yale ilikuwa ikimcheka msimamizi wao, Alfréd Kubíček, aliyefuga masharubu mapana tangu ujana, kisha baada ya Krismasi akaja ameyanyoa yote.

"Msimamizi, umekuwa yai la kuchemsha!" alimtania Vašut, dereva wa majaribio.

"Yai hilihili ndilo linalosaini kadi yako, bwana. Kazini!"

Siku moja ya Mei, mhandisi mpya, Bwana Pospíšil, alitaka naye kupanda. Metoděj akakificha kijiti ndani ya koti. Lakini kwenye mteremko wa kanisa alishindwa kujizuia, akaking'ata. Kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, mbaya.

Waliporudi karakanani, mhandisi alikuwa anatabasamu. "Imetulia kabisa. Ipelekwe kwa waunda bodi."

Angenyamaza, nani angejua? Lakini gari bovu litoke mikononi mwake? Hapana.

"Difu ifunguliwe, Bwana Mhandisi."

Ikafunguliwa. Pinioni, ile gia ndogo, na gurudumu lake la meno husagwa pamoja, hupigwa namba ileile, wala havitenganishwi tena. Hapa pinioni ilikuwa 41, gurudumu 47.

"Ni mimi," alisema Metoděj. "Nilikuwa na difu mbili juu ya meza moja, nikazichanganya."

"Basi, zirekebishwe. Lakini hicho kijiti mdomoni kilikuwa cha nini?"

Metoděj alikitoa kijiti kotini taratibu. Kubíček, aliyesimama kando, akakinyakua, akakiweka kati ya meno yake mwenyewe.

"Ndivyo tunavyosikiliza hapa, Bwana Mhandisi. Injini hudanganya masikio. Nitakuchongea chako."

Mhandisi alipoondoka, Metoděj aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua?"

Kubíček alisimama mbele yake, uso kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyosimama kila mara tangu majira ya baridi.

"Tangu Krismasi. Nilikuita mara tatu ukiwa umenipa mgongo, hukugeuka. Halafu ukawa unanikodolea mdomo usome maneno, na huoni kitu. Sasa wewe unadhani masharubu niliyanyoa kwa nini? Mke wangu mpaka leo ananinunia."

 Metoděj aliushika mkono wa msimamizi kwa mikono yake miwili yenye grisi, machozi yakimtoka, na hakuuachia upesi.