Foto ya Kuweka Juu ya Sanduku

Niliuza lenzi fupi nikanunua ndefu kwa sababu ya uvivu. Wengine wakifanya ujinga wanasingizia mapenzi au pombe. Mimi nilitaka tu kukaa kwenye kiti. Mpiga foto wa harusi anatakiwa ainame, apenye katikati ya mashangazi, akanyagwe na wanaocheza, na mimi ni mtu ninayependa nyumba yetu kuliko nyumba yoyote yenye muziki. Lenzi fupi ilinilazimisha niende mpaka mbele ya pua ya bibi harusi. Ndefu, nikajiambia, itaniletea hiyo pua hapa nilipokaa.

Tena hapa Uvira lenzi ndefu ina heshima. Familia ikija kukutafuta kwa kazi haikuulizi kama mwanga wa kanisa utatosha. Inauliza: “Uko na mukonga?” Mkonga wa tembo, ndivyo tunavyoiita. Asiye nao anaonekana kama aliyekuja kula. Basi ile fupi, iliyokuwa inaona vizuri hata kuran, umeme wetu, ikikatika na kubaki mshumaa, nikamwachia mwenzangu mmoja wa Luvungi. Aliipokea haraka haraka, kama mtu anayenunua mbuzi kwa mlevi kabla hajalevuka.

Ubaya wa mkonga niliujua kwenye harusi ya kwanza. Hauoni kilicho karibu. Mtu akisimama mahali ambapo ungeweza kumshika bega, anageuka ukungu. Lenzi inalia zrr, zrr, inatafuta, inachoka. Mambo hayo tulifundishwa sekondari, na nadhani siku hiyo nilikuwa nimelala. Viwanja vya kwetu navyo ni vidogo, kati ya nyumba na nyumba unapita kwa ubavu. Wakati wa kutoa mahari nilikuwa ninarudi nyuma, ninarudi nyuma, mpaka najikuta jikoni kwa jirani, ninawapiga foto wakwe kupitia dirisha, miguu yangu kando ya chungu cha mboga ya sombe.

Na Mama alikuwa mtu wa karibu.

Hakukosa feti hata moja, sherehe yoyote ya mtaani. Aliimba kwenye kwaya ya akina mama, kwa hiyo nusu ya harusi alialikwa, na nusu nyingine alijialika. Akishaimba anakuja kusimama penye kiwiko changu. Mpiga foto hapewi chakula mpaka watu wametawanyika, naye alilijua hilo, basi alikuja na sahani aliyoifunika kwa kitambaa chake cha kichwani, kile cha manjano.

“Mama, sogea kidogo, unaniharibia.”

“Ninaharibu nini? Minye nimekuja kwa mutoto wangu.”

“Uko karibu sana. Mashine haiwezi.”

“Mashine ya bei kali hivi inashindwa na muntu kwa sababu iko karibu?” Kisha anawageukia wenzake: “Muone huyu! Anafukuza mama yake sawa kuku.”

Wanawake wanacheka, na mimi nacheka, na kazi inaendelea. Siku moja, tukiwa nyumbani, alisema: “Weye, utanipiga foto lini na minye? Peke yangu, na kile kitenge kipya.” Nikasema kesho. Kesho yake mwanga ulikuwa mbaya. Siku iliyofuata kulikuwa na usingizi. Tuliishi nyumba moja; nani ana haraka na mtu anayekupikia ugali kila jioni? Kitenge akakivaa kanisani mpaka kikapauka.

Alirudi kutoka soko la Mulongwe akasema kichwa kinamuuma. Akakaa chini kwenye mkeka, begi la mihogo bado mkononi. Ilikuwa ni tension, presha ya damu. Tulipomfikisha hospitali, muuguzi aliyekuja mbio alimgusa shingo, akatutazama, akaacha kukimbia.

Asubuhi yake bashi, turubai la msiba, lilikuwa limeshafungwa uwanjani na kwaya yake imeketi kwenye mikeka. Baba mdogo aliyepanda moto, yaani pikipiki, kutoka Nyakabere ndiye aliyegawa kazi: huyu maji, yule kaburi, wale sanduku. Alipofika kwangu akanipigapiga mgongoni. “Kwa foto hatutahangaika. Mupiga foto iko mu nyumba.”

Kwetu marehemu hatoki bila foto. Inawekwa kwenye fremu, inakaa juu ya sanduku, kisha binti yake anaibeba kifuani mpaka kanisani na mpaka makaburini. Msiba usio na foto watu wanauona ni kama mnazika mgeni. Mazishi yalikuwa mchana wa siku hiyo hiyo. Mimi na dada yangu mdogo tukajifungia chumbani na kompyuta, batri yake ikiwa imeshaanza kulalamika.

Nilifungua harusi moja baada ya nyingine. Wakwe, wazi kabisa. Keki, wazi, hata chembe za sukari unaziona. Mbunge fulani akipiga miayo, wazi. Halafu pembeni, kitu cha manjano.

“Huyo ni Mama,” dada akasema.

“Ndiyo.”

“Sogeza mbele.”

Ukungu wa manjano upande wa kushoto. Ukungu wa manjano chini, na kidole kimeshika sahani. Kwenye mahari ya dada mwenyewe Mama alikatiza mbele yangu, akafunika nusu ya foto kama pazia. Nilikuwa nimeweka alama ya kuifuta. Tukaona mgongo wake kwenye kwaya, sikio lake, mkono wake ukipeperusha leso. Kwa miaka hiyo yote alikuwamo katika kazi yangu, na hakuna hata mahali pamoja aliponitazama nikamwona.

Dada alilia bila sauti, kisha akatoka akarudi na kadi ya kupigia kura. Hiyo ndiyo foto pekee: uso wa ukubwa wa kucha, macho yametoka kama amekamatwa na polisi. Watu wangapi wameniletea kadi hizo niwakuzie sura za marehemu wao, nami nikawachekea moyoni, nikisema hawa hawakuwahi kuita mpiga foto?

Nikaiweka kadi dirishani, nikainua kamera. Zrr. Nikarudi nyuma. Zrr, zrr. Nikagonga ukuta kwa kisigino; chumba kilikuwa kimeisha. Nilipotoka nayo uani, kutoka mbali lenzi ilipokubali kuona, Mama alikuwa doa.

Jirani yetu wa upande wa ziwa, mjane anayeuza samaki wa ndagala, ambaye yeye na Mama walikuwa wakigombana kila wiki na kupikiana kila siku, alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Alichukua kadi kiganjani, akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa telefoni yake yenye kioo kilichopasuka, akaipiga foto. Mara moja tu. Ndiyo tuliyokimbiza ikachapishwe.

Ilipowekwa juu ya sanduku watu wakainamia kuitazama. Uso ulikuwa wa kijivu, na muhuri wa kadi umepita juu ya kidevu. Mmoja wa kwaya akasema kwa upole kwamba Mama hakuwa na macho ya woga hivyo. Baba mdogo akanivuta pembeni: mtoto wangu, na weye ni fundi wa foto, imekuwaje?

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia habari za lenzi, kwamba ndefu haishiki kilicho karibu, kwamba ile fupi ingeweza, kwamba niliiuza, kwamba Mama hakuwa anakaa mbali. Nilieleza vizuri, na kwa mikono, na nadhani nilikuwa nimeshaanza kujiamini. Jirani yetu alikuwa nyuma yetu, anapanga viti. Akaacha kiti hewani.

“Acha kusingizia mashine. Mama yako hakukuwa mwenye kukulipa, njo maana hukumupiga foto.”