Siku Folda ya Shaibu Ilipotoka Tupu

Mimi sipendi mtu wa kimya, na Mungu kanipangia frem moja na Shaibu. Mbele nauza vitenge, nyuma yeye anatengeneza kompyuta, hapa hapa Mchafukoge, mwaka wa tisa sasa. Ni Mmakonde wa Newala. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, kamwachia mtoto mmoja, Ammar. Tangu Ammar afungwe miaka saba kwa kesi ya mzigo wa bandarini, Shaibu yuko kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino halafu akasahauliwa kwenye kiti. Ukimtania, "Sawa." Ukimtukana, "Sawa." Inakera, jamani!

Kule gerezani, jina silitaji, siku ya kuona wafungwa mnasimama pande mbili za wavu, watu thelathini mnapiga kelele kwa mpigo, dakika kumi, basi. Shaibu hajui kupiga kelele. Alikuwa anaenda, anasimama, anarudi bila kusema neno.

Ndipo darasa la wafungwa likapata kompyuta za msaada. Afande Leticia, msimamizi wa darasa hilo, akaja mtaani kwetu kutafuta fundi, na Shaibu akasema atafanya bure. Kila miezi mitatu akawa anaingizwa ndani kabisa, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, na Ammar ni mmoja wa wanafunzi wanaomsaidia. Hawaongei. Wanashikiana nyaya, wanapeana bisibisi, lakini wamekaa benchi moja. Afande alijua ni mwanawe, akanyamaza. Mungu ampe umri.

Sasa kule intaneti hakuna, na simu huingii nayo. Kompyuta zao zinatumia Linux, na Linux ina programu ambayo kazi yake ni kuzileta programu nyingine na kuziweka. Yeye anaiita apt. Shaibu anaiagiza hapa dukani, kwenye kompyuta yake, ilete na kuweka kila kinachotakiwa kule. Vifurushi vyote vya programu vilivyoshushwa vilikuwa vinabaki kwenye folda moja. Ananakili folda kwenye flashi, anaondoka nayo. Mafundi wengi hapa ndivyo walivyozoea. Bando si mchezo. Ukishashusha kitu mara moja, unakigawa mji mzima.

Mwezi uliopita darasa likaletewa kompyuta mpya kumi, hazina kitu ndani, na Jumamosi mgeni rasmi anakuja kulizindua. Ili vifurushi viendane nazo, Shaibu akaipandisha na kompyuta yake toleo jipya. Jumatano akaagiza kama kawaida, akanakili kama kawaida.

"Kaka Shaibu, leo mbona imewahi?" nikamwuliza. "Siku zote hapo unamaliza vikombe viwili vya kahawa."

"Toleo jipya," akasema, akatia flashi mfukoni.

Kumbe toleo jipya limebadili tabia! Sasa apt ikishaweka programu, inavifuta vifurushi vyote ilivyoshusha, yenyewe, bila kuulizwa. Eti inapunguza uchafu kwenye kompyuta. Nani alilalamika kuna uchafu?

Alhamisi saa sita mchana nikamwona amesimama mlangoni. Si saa yake ya kurudi.

"Vipi?"

"Folda ilikuwa tupu."

Mengine nilimtoa neno moja moja. Alichomeka flashi, hamna kitu. Bahati mbaya mkuu wa gereza mwenyewe alikuwa amekuja kukagua, akauliza kuna nini, na Shaibu akamweleza ukweli palepale. Mkuu akasema uzinduzi ni keshokutwa, ataita kampuni, na kuanzia sasa kazi zote za darasa zitafanywa na kampuni. Afande Leticia akajaribu kumtetea, akaambiwa akae kimya. Ruhusa ya Shaibu ikafutwa.

"Wewe mwanamume! Si ungebonyeza-bonyeza tu mpaka mkuu aondoke?"

"Sikufikiria."

"Na kuiangalia flashi kabla hujatoka?"

"Miaka yote haikuhitaji."

Nilitamani nimchape na mita ya kupimia vitambaa. Yeye akawasha kompyuta yake, akatafuta, akakuta kuna mstari mmoja tu wa kuandika, ukiuandika inaacha kufuta. Akauandika. Akaagiza upya. Vifurushi vikashuka, na safari hii vikabaki, mia nne na ushee. Akavitazama vile, macho makavu.

"Na Ammar?" nikamwuliza.

"Alisema, 'Baba, kaa kidogo.' Afande akatuachia dakika kama ishirini, karatasi zangu za kufutiwa ruhusa zilipokuwa zinaandikwa."

"Mkaongea nini?"

"Nilimweleza kwa nini folda ilikuwa tupu."

"Dakika zote ishirini?"

"Ndiyo."

Nikakaa juu ya jora la kitenge. Hasira zilinitoka zote, nikabaki na huruma, na huruma ile iliniuma kuliko hasira. Yule kijana amebakiza miaka minne.

"Ningemwambia nini, dada Mwanne?"

"Ungemwuliza anakula nini huko."

Shaibu akafikiri, vidole vyake bado viko kwenye kibodi.

"Sikujua," akasema, "kama na hilo linaulizwa."