Kitambaa cha Kwanza

Mtu akitaka kunichokoza, aniulize wifi yangu ni mtu wa namna gani. Nitamjibu kwamba ni mtu wa kukuambia kola yako imekaa upande kabla hajakusalimia. Siku ninaolewa na kaka yake, ndugu wote walinikumbatia. Yeye aliinama, akashika pindo la gauni langu, akaligeuza ndani nje, akauliza, "Aliyekushonea hili alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Tangu hapo tumekuwa mawifi kwelikweli: asubuhi tunarushiana maneno, mchana tunakula sahani moja.

Mtaa mzima unamwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine ni wa kubahatisha. Chumba chake cha kazi ndicho cha mbele katika nyumba yetu. Kina mlango unaofungukia barabarani, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo chenye ufa pembeni, na cherehani nyeusi ambayo kanyagio lake limeng'arishwa na nyayo zake mwenyewe. Alishona kila kitu, ila jina lilitokana na makoti. Koti la kiume si mchezo. Kola yake ina tabaka juu ya tabaka, na ukikosea kidogo inajikunja kama jani lililoachwa juani. Kola za wifi yangu zililala zikatulia. Koti moja la kijivu alilishona kwa ajili ya kuonyesha tu, akalitundika karibu na mlango, na wateja walilishika kwanza ndipo wakakumbuka kubisha hodi.

Tena alikuwa akifundisha, na hapo ulimi wake uligeuka kuwa wa mtu mwingine. Mimi alinisema, kaka yake alimsema, lakini mwanafunzi hakumsema kamwe. Alikuwa na desturi yake. Mshono wa kwanza kabisa wa mwanafunzi, ule unaokwenda kama mlevi anayerudi kwake, haukutupwa. Alikikata kile kipande cha kitambaa, akakipigilia ukutani kwa msumari mdogo juu ya meza. Mwanafunzi akija na machozi kwamba wenzake wamemwacha, kwamba kola kama ya lile koti hataiweza hata azaliwe mara mbili, Fundi alikishusha kitambaa chake na kukiweka kando ya kazi yake ya siku hiyo.

"Koti ni langu, liache lilipo," alimwambia. "Wewe jipime na huyu wa siku ya kwanza."

Mwanafunzi akihitimu, alikabidhiwa kitambaa chake aende nacho. Na ilikuwako sheria nyingine isiyovunjwa: mtu anayejifunza hainuliwi kwenye mashine kabla hajamaliza mshono, hata kama mteja amesimama mlangoni akipiga miguu chini. "Mwanafunzi hanyang'anywi mashine," Fundi alisema, na mteja akatafuta mahali pa kukaa.

Kiharusi kilimkuta amesimama, chaki mkononi. Kitambaa alichokuwa akikichora bado ninacho. Mstari unakwenda sawa, unakwenda sawa, halafu unateremka hadi ukingoni na kuishia hapo. Alirudi kutoka hospitali akiwa na fimbo upande wa kushoto, na upande wa kulia mkono unaoning'inia kama mkono wa shati lisilo na mwenyewe. Daktari wa mazoezi, mwanamke mwenye sauti ya kuuza sokoni, alimfuata nyumbani akamweleza bila kuzunguka.

"Mama, mkono huu usipoutumia utakusahau. Na ukikusahau haurudi. Wewe ni fundi, basi shona. Shona hata ovyo ovyo."

Nadhani hilo neno ovyo lilimuumiza kuliko kiharusi.

Hata hivyo alikaa kwenye cherehani. Kiti kilimuumiza nyonga, nikamshonea mto wa kukalia, mimi nisiyejua kushona, nikaujaza matambara ya kapuni. Mafundi wana kawaida kwamba kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, wanapitisha mshono mmoja kwenye tambara ili kuona kama uzi umekaa vizuri. Wifi yangu sasa hakuwa na kitambaa cha mteja. Hilo tambara la majaribio ndilo lililokuwa kazi yake yote. Aliusukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akapitisha mshono wake, akakata uzi kwa meno, kisha akaniita.

"Wifi, nishushie koti."

Nilimshushia. Aliliweka tambara lake kando ya kola ya kijivu, akatazama kimoja, akatazama kingine.

"Ona nilivyokuwa. Sasa ona nilivyo."

Kisha akalifinya tambara na kulitupa kapuni. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mimi, ambaye siwezi kuvumilia kapu lililofurika, kila mto ulipobonyea nilifungua upande mmoja, nikashindilia yale matambara, nikaufunga tena. Sikuyatazama. Kwangu mimi mshono ni mshono, mradi nguo haianguki.

Nilijaribu kumpa moyo. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. "Mimi si mhunzi," alinijibu, "na wewe kaangalie sufuria yako, nasikia harufu." Siku aliyojifunga vifungo vya blauzi peke yake nilipiga kigelegele mpaka mume wangu akatoka bafuni na sabuni kichwani. Wifi alinitazama kama mtu aliyepewa chenji ya noti bandia. "Hata mtoto wa chekechea anajifunga vifungo," akasema. Kila hatua niliyomwonyesha aliipeleka kwenye lile koti, na mbele ya koti ikawa si kitu. Nilimwonea uchungu na nilimkasirikia. Vyote viwili viliishi ndani yangu bila kugombana.

Asubuhi moja hakuniita. Nilimkuta kitandani, uso umeelekea ukutani.

"Mwite Kidole," alisema. "Aje aichukue mashine. Nimempa."

"Umempa vipi? Na mazoezi je?"

"Mazoezi ya nini? Ya kujiona? Mashine isiyofanya kazi inaota kutu, wifi. Afadhali ifanye kazi kwa mwingine."

Maneno ya daktari yalinirudia. Wifi yangu si mtu wa kubonyeza mpira wa mazoezi wala kunyanyua chupa ya maji. Huo mkono ulikuwa unajua kitu kimoja tu duniani. Cherehani ikitoka mlangoni, mkono utaifuata, na baada ya mkono nilijua atafuata nani. Nilimweleza mume wangu. Akakuna kichwa, akasema, "Dada akishaamua, unajua mwenyewe." Ndiyo, najua. Familia nzima wana vichwa vya jiwe.

Kidole ni mwanamke mnene mwenye miwani, mwanafunzi wa zamani wa Fundi, sasa ana duka lake mitaa miwili kutoka kwetu. Jina lilimganda siku yake ya kwanza, aliposhona kidole chake pamoja na kitambaa. Alikuja na msukuma mkokoteni, akiwa hana raha hata kidogo. Mlangoni alininong'oneza, "Dada, mimi siitaki. Lakini Fundi akisema chukua, mimi ni nani nikatae?"

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, kavaa vizuri, fimbo magotini. Alikuwa akitazama barabarani kama abiria.

"Chukueni na kiti chake," alisema. "Vimezoeana."

Msukuma mkokoteni akakiinua kiti kwa kukamata mto, na mshono wangu, kwa hili sina wa kumlaumu, ukaachia kutoka pembe hadi pembe. Matambara yakamwagika sakafuni, mekundu, meupe, ya maua, ya mistari. Msukuma akaomba radhi. Kidole akainama kuyazoa. Lakini fundi ni fundi, hawezi kushika kitambaa asikitazame. Aliokota kimoja, akakigeuza. Akaokota cha pili. Akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaanza kuyapanga kwenye meza ya kukatia.

"Kumbe, Fundi," alisema bila kuinua kichwa, "hukuniambia kama umepata mwanafunzi mpya."

Akaendelea kuyapanga.

"Huyu alianza vibaya kuliko mimi! Ona hapa, uzi umefanya kiota kwa chini. Hapa sindano imetoka nje ya kitambaa kabisa, imekwenda zake." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka. "Halafu hapa ameanza kushika. Hapa anapinda, lakini anajua kwamba anapinda, maana amejirudisha. Na hapa, eh! Hapa amegeuza kona! Kona iliyoniliza mimi mpaka ukanishushia kile kitambaa changu, unakumbuka? Fundi, huyu mtu anakuja vizuri. Tena anakuja kwa nguvu. Usimwachie hapa. Yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Wifi yangu akainua mkono kuninyamazisha, mkono wa kulia, haukupita kifua.

"Yumo humu ndani," alisema.

Kidole akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Dada? Ni wewe?"

"Mungu apishe mbali," nikasema, nikamtazama wifi.

Hapo akaelewa. Akaweka kiganja mdomoni, akabaki hivyo. Watu husema nyani haoni kundule, na huwa wanamaanisha aibu zake. Wifi yangu alikuwa ameyakalia mema yake asubuhi baada ya asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshindilia.

Fundi alinyanyuka kwa fimbo, akafika mezani. Aliyatazama matambara yale kwa jicho nililokuwa sijaliona tangu chaki ilipomteleza, lile jicho la polepole alilowatazamia wanafunzi. Alichagua lile baya kuliko yote, lenye kiota cha uzi. Alichagua na lile lenye kona. Akayalaza pamoja. Hakuomba koti.

"Huyu," alisema, akigusa lile baya, "nilimtukana."

"Fundi…"

"Nilimtukana kila siku. Nilikaa hapa nikamwambia hafai, nikamtupa kapuni. Nimefundisha watu wangapi mimi? Hata mmoja sikumwambia maneno niliyomwambia huyu." Midomo ikamtetemeka, upande mmoja zaidi ya mwingine. "Na alikuja hivyo hivyo kesho yake. Masikini. Alikuja tu."

Akalia. Sikuwahi kumwona wifi yangu akilia, hata hospitalini. Nililia pia, na nikamchukia kwa kunifanya nilie mbele ya msukuma mkokoteni, ambaye alikuwa bado ameshika kiti hewani, hajui akiweke wapi.

Kidole ndiye aliyemwambia, "Kaka, kirudishe kiti. Nenda na mkokoteni wako, tutaonana siku nyingine."

"Nimesema chukua mashine," wifi alisema, akijifuta kwa kiwiko.

"Sichukui. Mwanafunzi hanyang'anywi mashine."

"Kidole, usinionee huruma!"

"Huruma ya nini? Hii kona imevimba. Umeacha sindano juu wakati wa kugeuza. Utairudia kesho nikiwa nimesimama hapa."

 Halafu nikamsikia wifi yangu akipumua kwa pua, namna anavyofanya akitaka kucheka na hataki ujue. Kidole akachukua nyundo kwenye droo ya meza, maana anaijua ilipo, akakipigilia ukutani kile kitambaa chenye kiota, mahali pale pale pa siku zote.

Nasema mapema mtu asitegemee muujiza: wifi yangu hajashona koti lingine, na daktari wa mazoezi, na sauti yake yote, hajawahi kusema kwamba atashona. Zipo asubuhi ambazo namwona akilitazama la kijivu mpaka chai inapoa, na siku hizo naipasha moto tena.

Lakini jioni ile, Kidole alipokwisha kwenda, alinitaka nimsaidie kukaa kwenye cherehani. Bila mto alikuwa chini mno, kidevu karibu na meza, akawa anagombana na kila kitu. Aliuchukua mfuko wa mto uliopasuka, akakunja ukingo wake kwa mkono wa kushoto, akausukuma kwa wa kulia, akakanyaga. Mashine ikaenda, ikasimama, ikaenda. Katikati mshono ulihama njia. Niliona hata mimi. Akafika mwisho, akakata uzi kwa meno, akaunyoosha mfuko mbele yake.

Mimi, kwa mazoea tu, nikaelekea mlangoni.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Kukushushia koti."

"Liache lilipo." Aliinua macho, akatazama ukutani juu ya meza. "Nishushie yule."

Nikapanda kwenye benchi, nikamshusha.