Swichi ya Lori la Shemeji Sefu

Mwanangu, nikiikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni harufu ya nta. Lori la shemeji yangu Sefu lilibeba nta na asali kutoka Sikonge kwa muda mrefu, hata mbao zake zikawa zinanuka hivyo masika na kiangazi, liwe na mzigo au liwe tupu. Siku ile lilikuwa tupu. Lilisimama uani kwa dada yangu Mwajuma, hapa hapa Tabora, magurudumu yamezama kwenye tope lililokwisha kukauka, na kuku walikuwa wametaga chini ya kiti cha dereva. Nami nilikuwa nimemleta fundi aje kung'oa swichi, kwa kuwa ufunguo haukuwepo.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Nilikuwa kijana wa chuo, nimerudi likizo kutoka Kampala, na nilikuwa nahoji kila kitu. Nilimhoji sheikh, nikamhoji padri, nikamhoji na baba yangu mpaka akahamia chumba kingine kunywa kahawa yake. Sijaacha tabia hiyo, wala sitakuambia wewe uiache. Nisikilize tu.

Ng'ambo ya Sikonge kuna kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kulowa kifundo cha mguu. Masika yale kilifurika. Sefu alisimamisha lori ukingoni, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni. Ndivyo alivyozoea, hakumwachia mtu ufunguo ule, uliofungwa uzi mwekundu ambao dada aliuchomoa kwenye kanga yake. Alivua viatu, akashika fimbo, akaingia kupima kina. Utingo wake, aliyebaki kwenye lori, aliona maji yakimfika kiunoni, kisha akaona fimbo peke yake. Walimtafuta hadi maji yakapungua. Hawakumpata. Lori likavutwa kwa kamba mpaka mjini.

Kwetu Waislamu, mtu ambaye mwili wake haukuonekana si wa kutangaziwa kifo hivi hivi tu. Kadhi alimwambia dada: utingo aje atoe ushahidi, na wewe mwenyewe uje useme umekubali kuwa mumeo amefariki. Hapo ndipo Sefu angesaliwa sala ya jeneza pasipo jeneza, na dada angeingia eda. Utingo alikuwa tayari. Dada hakwenda. Aliendelea kuvaa kanga zake za rangi kama mke ambaye mumewe yuko safarini, akilima shamba lake la Itetemia na kurudi jioni kupika. Watu wakaanza kunong'ona. Wapo waliosema amerukwa na akili, na wapo waliosema anaikimbia eda. Mimi msomi nikaona nimepata dawa: swichi ing'olewe, lori litembee, dada apate riziki, na mwisho atakubali yale ambayo sisi sote tulikwisha kuyakubali.

Fundi mwenyewe alikuwa Petro, Mmoraviani wa Sikonge, mtu wa maneno mengi. Alijilaza chini ya usukani, miguu imetokeza mlangoni.

"Hii pete ya mbele naifungua kwa koleo," alisema. "Ila kitu cha ndani, bila ufunguo, hakitoki kwa hiari. Nitakitoboa kwa keekee. Nikishamaliza, hata mwenyewe akija na ufunguo wake, utamfaa kuchokolea meno."

Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Unatoboa nini, fundi?"

"Swichi, mama. Mdogo wako kaniita."

"Mdogo wangu hana lori."

Miguu ya fundi ilijikunja, kichwa chake kikatokea. "Na mimi nilitaka kunywa uji kwanza," alisema, "shetani akaniambia niwahi."

Dada hakucheka. Alinitazama mimi. "Sefu akirudi na ufunguo wake, atauingiza wapi?"

Nilicheka, mwanangu. Si kicheko kikubwa. Ni kile cha puani, cha mtu aliyesoma.

Fundi Petro ndiye aliyetuokoa. Alisema upo uwezekano wa kuunganisha waya kwa chini, lori likawaka, na swichi ikabaki mahali pake na tundu lake. Dada akamwambia afanye hivyo.

"Swichi isiyowasha wala kuzima itakuwa na kazi gani?" nikauliza.

"Inakaa," alisema dada. "Na wewe umekaa hapa tangu asubuhi, kuna aliyekuuliza una kazi gani?"

Fundi alicheka mpaka koleo likamponyoka.

Basi nikaliendesha mimi. Sefu ndiye aliyenifundisha, kwenye kiti kile kile, akinipiga kofi la goti kila nilipokwaruza gia. Kila nilipotaka kuwasha niliinama chini ya dashibodi kama mwizi, nikazikutanisha waya, na swichi ya Sefu ilikuwa hapo karibu na paji la uso wangu, haina kazi. Iliniudhi kuliko nilivyoweza kueleza.

Siku moja, nikitoka Sikonge na mzigo wa nta, kitambaa tulichozungushia waya kilichubuka, waya zikagusa bati. Zilitoa cheche, kisha moshi. Nta ikishika moto hupati muda wa kusema lolote. Nilizing'oa kwa mkono mtupu, nikaungua vidole, na lori likavutwa tena kwa kamba kuja uani pale pale.

Dada alikuwa anapepeta mchele. Sikumpa hata salamu.

"Dada, mzigo ungewaka, nami ningewaka nao! Kwa ajili ya tundu la ufunguo! Sefu amekufa. Tabora nzima inajua, isipokuwa wewe."

Aliweka ungo chini. Nilitarajia apige kelele, au alie, na nilikuwa na majibu ya yote mawili. Alinishika mkono, akavitazama vidole, akanipeleka kwenye mtungi. Alikuwa ananimwagia maji taratibu, na huku akimwaga ndipo aliposema.

"Unadhani sijui? Nilijua kabla utingo hajamaliza kupiga hodi. Alisimama pale mlangoni ameshika viatu vya Sefu. Wewe ulikuwa Kampala. Mimi ndiye niliyevipokea."

"Basi kwa nini..."

"Tulia, maji yanamwagika. Bibi yetu alimngoja babu, aliyekwenda pwani na mizigo ya watu asirudi. Kitanda chake kilikaa pale pale, watu wakifagia kwa kukizunguka, mpaka bibi mwenyewe alipokitoa. Wewe umekilalia kitanda kile, utotoni. Hukuuliza kilikuwa na kazi gani kabla yako." Akachota tena. "Kujua, najua. Lakini siku nitakayosema mbele ya kadhi, nitatoka pale mjane. Leo bado ni mke wa Sefu. Nilitaka kukaa na hilo kidogo. Kidogo tu, mdogo wangu. Kuna niliyemnyang'anya kitu?"

Akavigeuza vidole vyangu, akamwaga tena.

"Na wewe uliyekuja kunifundisha kwamba Sefu amekufa," alisema, "umemlilia lini?"

Mwanangu, sikuwa nimemlilia. Habari za kifo chake zilinifika kwa barua, nikazikunja, nikaingia darasani. Niliporudi nyumbani nilimfanya Sefu kuwa hoja, nami nilikuwa hodari wa kushinda hoja. Kofi la goti sikuwa nimelikumbuka hata mara moja. Nililikumbuka pale, mkono wangu uko chini ya maji, nikalia kama mtoto, na dada ndiye aliyenifuta uso kwa pindo la kanga yake. Yeye ndiye mfiwa, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Sikumgusia tena habari ya lori. Zilipita siku kadhaa, kisha asubuhi moja nikamkuta fundi Petro uani, hana mzaha hata mmoja. Dada mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Toa," alisema.

Keekee ikaanza kulia. Dada alishika mlango wa lori muda wote, hakukaa chini. Vumbi la chuma likaanguka kwenye kiti cha dereva, na fundi aliposimama kupumzisha mkono, dada aliingiza kiganja chake akalifuta, polepole, kama mtu anayetandika. Ikatoka swichi ya Sefu, imetobolewa katikati. Ikawekwa mpya, na ufunguo wake mpya. Dada akachomoa uzi mwekundu kwenye kanga aliyovaa, akaufunga kwenye ufunguo ule, akanikabidhi.

"Usimwachie mtu," alisema.

Kisha akajitanda, tukaenda kwa kadhi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Alisema yaliyotakiwa kusemwa kwa sauti ambayo kadhi alilazimika kuinamisha kichwa ili aisikie. Ijumaa hiyo Sefu akasaliwa. Kanga ile yenye uzi mwekundu aliikunja, akavaa nyeupe, akaingia ndani. Hata eda ilipokwisha sikumwona nayo tena.

Nimekuandikia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukimcheka jirani yetu, kwamba bado anaichaji simu ya marehemu mumewe. Uliza, mwanangu. Hoji sheikh, hoji padri, nihoji na mimi. Lakini kabla hujaenda kumfumbua macho aliyefiwa, jihoji kwanza kama kweli ameyafumba, au ni wewe uliyechoka kumwona akihuzunika. Kama ukweli anaujua, usimharakishe kuutamka. Muda huo mfupi ni wake, nao hautarudi. Kama una mikono, mchotee maji. Na wafu wako wewe mwenyewe, walilie mapema, usije ukawafanya hoja.

Mungu akujalie watu wa kukungoja unapochelewa. Na ikiwa zamu ya kungoja itakuwa yako, akupe mtu wa kukaa nawe uani bila kukuuliza unangoja nini. Amina.