Makame Langoni, Feruzi Mbele

Mwanangu, ipo wiki moja ya ujana wangu ambayo imenirudia tangu jana, niliposikia mkibishana hapo barazani juu ya fainali, mpaka wawili wenu wakaondoka bila kuagana. Kaa kidogo. Mpira wenu haujaanza, na kahawa bado ya moto.

Nilikuwa sijatimiza mwaka nyumbani kwa mume wangu, hapa hapa Kikwajuni. Vita vya Wajerumani vilikuwa havijaanza, na gari moshi la Bububu lilikuwa likipita mjini watoto wakilikimbilia. Mume wangu, Makame, alikuwa seremala wa makasha. Mtu mpole, mikono mipana, maneno machache. Mimi kwetu Mbweni. Baba yangu alikuwa mwangalizi wa minazi huko, na ndugu yangu wa tumbo moja, Feruzi, alikuwa kijana mwenye mbio ambazo hata mbuzi wa jirani walizijua.

Mpira waliuleta Wazungu wa kampuni ya simu na mabaharia wa manowari. Vijana wetu walisimama pembeni pale Mnazi Mmoja wakiwatazama, kisha wakaucheza wenyewe, miguu mitupu. Mwaka ule timu za mitaa na mashamba zilishindania kikombe cha fedha alichokitoa tajiri mmoja wa mjini. Nyingine zikaanguka moja moja, mpaka zikabaki mbili: Kikwajuni na Mbweni. Langoni mwa Kikwajuni alisimama Makame. Mbele kwa Mbweni alikuwa Feruzi. Ndiyo mambo, mwanangu. Mungu hupanga, binadamu hushangaa.

Baraza ya nyumba yetu ilikuwa chini ya dirisha, nami nikikaa ndani nikishona kofia, nikisikia kila kitu. Wiki nzima wanaume hawakuzungumza jingine. Mzee Shaali muuza kahawa alishikilia kwamba Kikwajuni itashinda, kwa kuwa vijana wake ni wachukuzi na mafundi, watu wa nguvu. Juma, mshona nguo wa mtaani kwetu, akasema la, watu wa Mbweni hukimbia mchangani kila siku, wakikanyaga majani ya Mnazi Mmoja watajiona wamo kitandani. Mwengine akasema ikinyesha mvua, mpira wa ngozi huwa mzito kama jiwe, basi hesabu zote zitabadilika. Kuna aliyetaka kwenda kupigiwa ramli, wakamcheka. Sikwambii uongo, nilifurahia. Maneno ya namna ile yana utamu wake, na hayamdhuru mtu.

Kisha jioni moja Juma akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya ndizi, kwamba Makame naye atafanyaje mpira ukitoka mguuni kwa shemeji yake. Halafu mtu akasema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanangu, methali ni kisu cha jikoni: kinakata kitunguu, na kinakata kidole pia.

Kesho yake niliyasikia maneno yale kisimani, yamekwisha kunenepa. Kwamba Feruzi amekuja usiku kuzungumza na Makame. Kwamba mimi nimelia mbele ya mume wangu nikimwomba amwachie kaka yangu japo moja. Feruzi hakuwa amekanyaga nyumbani kwetu tangu mwezi mchanga, na mimi mpira wenyewe sikuwahi kuuona unavyochezwa.

Makame naye alizipata habari hizo. Alikula kidogo akarudi kwenye randa yake. Siku iliyofuata akaja Nasoro, nahodha wa timu yao, kijana wa adabu. Akampa shikamoo mama mkwe wangu, Bi Mize, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye mkeka akizungushazungusha kofia yake. Akaeleza kwamba yeye binafsi haamini, ila wanaosema wamekuwa wengi, na timu inaingiwa na fitina. Ingekuwa bora Makame aseme ameumia kidole, asimame mwengine.

Bi Mize alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Nasoro, kidole cha mwanangu nshakiona asubuhi, kizima. Ukitaka kumtoa, mtoe kwa kinywa chako, mbele ya watu, useme sababu. Usimwazime uongo akusitiri wewe."

Nasoro akatazama chini. Akasema hatomtoa. Akaaga, akaenda zake.

Nami nikafikiri, chanzo cha yote ni mimi. Asubuhi ya mechi nikafunga furushi langu, nirudi kwetu mpaka mambo yapoe, watu wasimwone Makame ana mke wa Mbweni. Bi Mize akanikuta ukumbini. Hakunikaripia. Alilishika lile furushi, akalipima uzito kama anayenunua.

"Wenda wapi?"

Nikamwambia.

"Ukipita mlango huu leo na furushi kichwani, umewatolea ushahidi. Watasema, tazameni, hata mkewe amekimbia. Mwanangu, mtu hakimbii kosa ambalo halijatendwa. Kalifungue, kisha uje tupike."

Nikalifungua. Tukapika.

Adhuhuri ikanyesha mvua, ikaacha. Alasiri mtaa ukabaki na wanawake na paka. Kutoka Kikwajuni mpaka Mnazi Mmoja si mbali, na ukelele wa watu ulitufikia. Lakini ukelele hauna jina. Hujui nani anashangilia. Tulisikia mmoja mkubwa sana, kisha miguno, kisha muda mrefu wa kelele za kawaida. Bi Mize alikuwa na tasbihi mkononi, nami kofia yangu niliishona na kuifumua.

Alirudi Makame mwenyewe kutueleza. Wamefungwa moja bila. Aliyefunga Feruzi. Alipiga kutoka mbali, si kwa nguvu, Makame akainama kuupokea, mpira ukadunda kwenye dimbwi mbele yake, ukateleza chini ya mikono. Baada ya hapo alizuia mingi, miwili ya Feruzi huyo huyo, mmoja kwa kifua. Lakini ile iliyozuiwa, mwanangu, nani huihesabu? Alioga, akavaa kanzu, akatoka akakaa barazani kwake kama siku zote. Watu wakaja, wakakaa, hawakumsemesha. Mzee Shaali peke yake alimpa kikombe cha kahawa.

Jua halijazama, Feruzi huyo. Tope limemkaukia miguuni, anatembea peke yake katikati ya Kikwajuni. Nilipomwona dirishani moyo ulinipasuka, kwa maana niliona nyuso za watu pale. Makame akainuka, akampa mkono, akamkalisha kando yake. Feruzi akaniulizia hali, akamuulizia Bi Mize. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida:

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi ya kuchelewa kukutembelea. Nlitaka kuja wiki hii, nikaogopa. Kwetu walisema nitapiga pembeni nisikuaibishe. Nahodha wetu alinitaka niseme mguu unaniuma."

Mzee Shaali akamjazia naye kikombe.

"Na mimi walinitaka niseme kidole," akasema Makame. "Tungewafuata, pasingechezwa mpira."

Wakacheka wao wawili, wakacheka mpaka Feruzi akashika mbavu. Wengine hawakucheka. Juma mshona nguo akajisogeza kumpa Feruzi nafasi ya kuegemea ukuta. Kuomba radhi kwake kulikuwa huko tu, na Makame alikupokea. Hawakulizungumza tena maisha yao yote. Makame alisimama langoni mpaka magoti yalipomkataza. Kikombe kile kama Kikwajuni walikuja kukichukua mwaka mwengine au la, sikumbuki vizuri.

Basi, mwanangu, sikukatazi ushabiki. Tabiri utakavyo: nani ana mbio, nani ana nguvu, mvua itanyesha au la. Ukikosea, utachekwa kidogo, na kuchekwa hakuui. Lakini unapotoka kwenye miguu ya mtu ukaingia moyoni mwake, ukasema huyu atauza, yule atasaliti, hapo hutabiri tena, unahukumu, na mshitakiwa bado hajatenda. Dhana ni rahisi kwa sababu haihitaji shahidi. Na ukisikia unadhaniwa wewe, usijifiche wala usijieleze mno. Nenda kasimame mahali pako ufanye kazi yako. Ukishindwa, shindwa hadharani.

Sasa nenda kawatafute wale wenzako walioondoka bila kuagana. Mola akupe jicho la kuona na ulimi wa kungoja, akujaalie marafiki wa mtaa wako na wa mtaa wa pili, na timu yako, sijui ni ipi, aipe inachostahili. Amin.