Nilivyomlilia Yaya Ramazani

Ndugu zangu, kwa aibu niliyoipata juma lililopita hapa Kindu, nichekeni, ila mnicheke polepole.

Nilipita karibu na ukumbi wa parokia nikaona picha kubwa ya Yaya Ramazani mlangoni. Alikuwa jirani yangu, niliyemwita Yaya kama kaka mkubwa, mpiga gita wa roki, na sikumwona tena tangu vita ilipotutawanya. Ndani, viatu vyake na koti lake la ngozi vilipangwa juu ya meza, watu wakipita na kunong'ona. Nikajua ni matanga. Nikavua viatu, nikaketi chini, nikalia kwa sauti. Watu walinishangaa. Mimi nikaona ni wao wasiojua kulia.

Kwetu marehemu huambiwa yote kabla hajaenda. Mezani palikuwa na nafasi tupu, na karatasi imeandikwa: "Gita. Ilipotea vitani." Nikainuka, nikaweka mikono pale.

"Yaya, unisamehe! Gita uliniachia nikuchungie, ni mimi niliichoma. Kule pori kuni zote zilikuwa zimelowa, na mutoto wangu Amina alikuwa anatetemeka."

Mtu akanigusa bega. Nikageuka. Alikuwa Yaya Ramazani mwenyewe, mvi kichwani, fimbo mkononi. Watu walikuwa wamekuja kuona vitu vya muziki wake, naye mzima, akiwapokea.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakuuliza habari ya gita.

"Na Amina," akasema, "alipona?"

"Hapana, Yaya. Gita haikuwaka mpaka asubuhi."