Ukoko wa Barafu

Nilikwenda Saudia na begi moja na diploma ya sayansi ya maji, na kwa muda mrefu aliyeulizia ile diploma nilikuwa mimi peke yangu. Ajenti wa Nairobi aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani, akanirudishia, kisha akauliza kama najua kupiga pasi kanzu. Najua. Mimi najua vitu vingi.

Nikapelekwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, katika nyumba ambayo sakafu yake ilikuwa safi kuliko sahani za watu wengi. Madam alikuwa na imani kubwa katika klorini. Aliimwaga bafuni, jikoni, ngazini, hata kwenye maji ya kuoshea zabibu. Mume wake, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kazi yangu, na niliyemwita baba, alikuwa mfanyabiashara wa maonyesho. Mwaka huo aliamua kuwaonyesha watu wa Riyadh bahari ya ncha za dunia, ndani ya jengo la maduka, huku nje jua likiyeyusha lami.

Tangi la kioo lilijengwa, likajazwa maji ya chumvi ya baridi kali, na juu yake vikalazwa vibamba vya barafu. Viumbe wenyewe waliletwa hai ndani ya chupa: mwani mdogo unaoishi kwenye upande wa chini wa barafu, na ule unaoelea majini, fitoplanktoni. Wageni waliofunga mitambo wakaondoka. Mtu wa kuwalea wale viumbe hakuwepo. Nilikuwa namimina kahawa baba alipokuwa akilalamika.

"Baba, hiyo kazi ndiyo niliyosomea."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Wewe? Kwenu Afrika mnasomea barafu?"

"Nimesomea maji, baba. Barafu ni maji yaliyotulia."

Akanitajia sharti lake. Tangi likiwa hai siku ya ufunguzi, ataibadilisha ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, nitoke kuwa mtumishi wa nyumbani niwe fundi wa maabara. Likifa, narudi jikoni. Halas.

Basi nikahamia Riyadh. Baada ya wiki kadhaa, vibamba vya barafu vilishika rangi ya kahawia kwa chini, kama wali ulioshika sufuria. Nilifurahi kama mzazi. Msafishaji wa jengo, mama wa Kakamega, alisimama na mopu yake akatazama.

"Dada msomi, tangi lako limeungua."

"Huo ni uhai."

"Kwetu huo ni ukoko, na tunaukwangua."

Baba naye alikuja kukagua. Aliutaka ukoko, lakini aliyataka pia maji yaliyo chini yake yawe ya kijani, siku hiyo hiyo, maana vyote alivilipia. Nikamweleza kwamba hawa wa barafuni wako juu, wanaufaidi mwanga kwanza na kuwawekea kivuli wanaoelea chini. Hawa wa chini husubiri barafu iyeyuke ndipo wapate nafasi yao.

Alifikiri sana. "Kama ghorofa yangu ya Al-Mahjar," akasema. "Wapangaji wa chini hawaoni jua."

"Kabisa, baba."

"Lakini kodi wanalipa."

Wiki moja kabla ya ufunguzi, madam alifika kutoka Jeddah. Aliinama, akachungulia kwenye kioo, akaupeleka mkono puani kabla hata hajanusa kitu. "Uchafu! Wageni wangu waje waone huu uchafu?" Akafungua mkoba. Naapa, mwanamke yule alikuwa amesafiri na chupa ya klorini.

Nikasimama katikati ya chupa na tangi. Ikama yangu ilikuwa nyuma ya mgongo wangu, ndani ya maji.

"Madam, ukimwaga hiyo, baba atafungua bwawa la kuogelea."

Akanikodolea macho. Hakuna mtumishi aliyewahi kumzuilia klorini. "Mafi klorini? Hakuna klorini?" akauliza, kama mtu aliyenyimwa dawa. "Basi kwangua! Yalla!"

Mama wa Kakamega alikuwa akiisubiri amri hiyo maisha yake yote. Vibamba vikageuzwa, vikakwanguliwa, ukoko wote ukadondokea majini. Tangi likawa na rangi ya chai. Baba alipopata habari alipiga simu: "Andaa begi lako, unarudi jikoni."

Sikuandaa begi. Nilirudisha barafu mahali pake, taa nikaziacha zikiwaka, nikakaa kwenye kiti kutazama. Mabonge ya ule mwani yalianza kuzama, kama yanavyozama kule kwao barafu inapoachia. Machache yakabaki yakielea. Maji yakatakata, na kupitia barafu iliyokwanguliwa mwanga ukafika hadi chini, kwa mara ya kwanza tangu ukoko ushike. Wale wa chini walikuwa wameusubiri sana. Walianza na ukungu wa kijani ambao nilidhani ni macho yangu. Siku ya ufunguzi, tangi lilikuwa la kijani kama shamba la mpunga, na watu wakapanga foleni kujipiga picha.

Madam alisimama mbele ya kioo na marafiki zake. "Mimi ndiye niliyeamuru wakwangue," aliwaambia. "Hawa wataalamu walikuwa wanaogopa." Baba akaitikia kwa kichwa, mkono kifuani. Mtaalamu mwenyewe nilikuwa nimeshika sinia la tende, kwa sababu mgawaji hakutokea.

Nikagawa tende zote. Kisha nikamfuata baba pembeni nikamwambia tangi ni hai. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akakosa pa kukimbilia.

Siku hizi niko nyumbani, kwenye nyumba niliyojenga mwenyewe. Ikama imetundikwa sebuleni kando ya diploma: fundi wa maabara, kwa Kiarabu, na picha yangu nimenuna. Shangazi yangu huwaambia wageni kwamba kule nilikuwa nafua nguo. Ni kweli nilifua, tena zikatakata. Kisha namwomba asogee kidogo, maana ameegemea fremu.